Kila Siti ya Ndege Ina Kodi Yake

Mwaka jana nilimkatia tiketi mama mmoja wa Tanga aliyekuwa anakwenda Muscat kumlea mjukuu. Baada ya kuitikia shikamoo yangu, sharti lake lilikuwa moja tu: "Mwanangu, mimi nipe dirishani." Nikampa. Safari ilikuwa ya usiku, saa tano na kitu angani. Aliporudi akanisimulia. Nje hakuona chochote isipokuwa taa ya kwenye bawa. Siti ya katikati alikaa kijana, ya kando ya ujia kijana mwingine, wote wamelala, mikanda imefungwa na vimeza viko chini. Mama ana sukari, na mwenye sukari haja haimngoji. "Niliwaamsha mara mbili," aliniambia. "Mara ya tatu nikaona haya, nikajikaza mpaka ndege ikatua."

Kosa lilikuwa langu. Nilimpa alichoomba bila kumuuliza mwili wake unataka nini. Katika daraja la kawaida hakuna siti isiyo na kasoro. Kila moja inakupa kitu na kukutoza kitu: magoti, usingizi, masikio, uhuru wa kusimama. Anayechagua vizuri ni yule aliyejua kodi ya siti kabla ya kuikalia, akaona kwamba anaimudu.

Anza na ndege, namba ya siti baadaye

Hakuna anayekata tiketi ya basi la Mwanza bila kujua kama ni la mbili kwa mbili au mbili kwa tatu, na mzoefu haketi juu ya tairi wala benchi la nyuma. Kwenye ndege ujuzi huohuo tunauacha mlangoni.

Vipimo vya kuangalia ni viwili. Cha kwanza ni nafasi kati ya safu, inayopimwa kutoka mgongo wa siti moja hadi mgongo wa siti ya mbele yake. Mashirika mengi hutoa inchi 30 hadi 32, yaani sentimita 76 hadi 81. Ya nauli nafuu hushuka hadi inchi 28. Ila ndani ya kipimo hicho umo unene wa kiti chenyewe, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Siti mpya yenye mgongo mwembamba inaweza kuwa na inchi 30 na bado goti likapumua kuliko kwenye siti nene ya zamani yenye 31. Kodi yake huilipa makalio, maana sponji nayo imepunguzwa.

Jipime nyumbani. Kaa kwenye stuli, mgongo na makalio yaguse ukuta, kisha mtu apime kutoka ukutani hadi ncha ya goti lako. Ukifika sentimita 65 au zaidi, inchi moja ya ziada kwako ni kitu cha kulipia.

Kipimo cha pili ni upana. Boeing 737 ina siti tatu kwa tatu za takriban sentimita 43. Airbus A320 nayo ni tatu kwa tatu, lakini mwili wake ni mpana kidogo, hivyo siti hufika sentimita 46. Sentimita tatu zinaonekana si kitu mpaka mabega matatu mapana yapangwe safu moja. Boeing 787, inayotumiwa na Kenya Airways kwenda New York, na iliyopo pia Air Tanzania, inaweza kupangwa siti nane au tisa kwa safu. Karibu mashirika yote yamechagua tisa. Japan Airlines, kwenye safari zake za kimataifa, imebaki na nane, na abiria wake huiona tofauti hiyo begani. Boeing 777 ina mambo hayohayo: zipo zenye siti tisa kwa safu, na zipo zenye kumi.

Kwa safari fupi za kwetu bahati ni nzuri zaidi. Ndege za mapanga za ATR na Dash 8, pamoja na Embraer 190, ni mbili kwa mbili, kwa hiyo siti ya katikati haipo kabisa. Airbus A220 ya Air Tanzania ni mbili upande mmoja na tatu upande wa pili. Wanaosafiri wawili waende upande wa mbili.

Kuna faraja nyingine inayotoka kwenye ndege yenyewe. Ndani ya ndege nyingi mgandamizo wa hewa unaruhusiwa kushuka hadi kulingana na ule wa mwinuko wa mita 2,400, kana kwamba umekaa Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya. Ndani ya 787 na Airbus A350 haushuki kupita mita 1,800 hivi, kama uko Nairobi. Kwenye safari ya saa 10 mtu wa pwani huutambua utofauti huo kwa kichwa na uchovu. Kama nauli zinakaribiana, chagua ndege kwanza.

Dirisha, katikati, ujia

Dirisha ni la mlalaji. Una ukuta wa kuegemea, hakuna anayekuamsha, na pazia la dirisha liko mikononi mwako. Kodi yake ni kifungo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, iwe ni ndege, basi, treni au gari. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Lakini chanzo chake ni kutojongea, na wa dirishani ndiye anayesimama mara chache kuliko wote. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni na aliyewahi kuganda damu wazungumze na daktari kabla ya safari, kisha wachague ujia.

Ujia ni wa mwenye miguu mirefu, mwenye sukari, mzee na mnywaji maji. Unasimama utakapo, na ndege ikitua unatoka mapema. Kodi yake ni kiwiko, kwa sababu toroli la chakula halina macho, na mwenzako wa dirishani atakuamsha akitaka kupita.

Katikati hakuna anayepataka. Kwa hiyo wanaosafiri wawili kwenye safu ya siti tatu hujaribu mbinu hii: mmoja achukue dirisha, mwingine ujia. Ndege isipojaa, siti ya katikati itabaki tupu. Ikijaa, atakayekuja atafurahi kubadilishana nanyi.

Siti zinazogombewa

Safu ya mlango wa dharura ina nafasi ya miguu ambayo wengine wanaiota, na siku hizi mashirika mengi huiuza. Kodi zake ni nyingi. Lazima uwe mtu mzima mwenye nguvu, unayeelewa maelekezo na uliye tayari kusaidia kufungua mlango. Mjamzito na mwenye mtoto hawaruhusiwi. Ndege inaporuka na kutua, mkoba haukai miguuni. Kimeza mara nyingi kimefichwa ndani ya egemeo la mkono, na egemeo hilo halinyanyuki, hivyo siti inakuwa nyembamba. Mlango hutoa baridi. Tena pale safu za dharura zinapofuatana mbili, ile ya mbele kwa kawaida hailali nyuma, ili isizibe njia ya walio nyuma yake. Chagua ya pili.

Safu ya ukutani, iliyo nyuma ya kizuizi kinachotenga madaraja, haina mtu wa kukulalia magotini. Lakini huwezi kunyoosha miguu chini ya siti ya mbele, maana haipo, na ukuta huo ndio panapotundikwa vitanda vya watoto wachanga. Mama mwenye mtoto aiombe mapema. Anayetaka usingizi aikimbie.

Safu ya mwisho kabisa ni kama lile benchi la nyuma la basi: siti mara nyingi hazilali, choo na jiko viko kisogoni, na foleni ya msalani inasimama begani mwako. Safu chache mbele yake hali ni tofauti. Kwenye ndege nyingi za 777 mwili hupungua kuelekea mkiani, hivyo safu za mwisho pembeni huwa na siti mbili badala ya tatu, na upenyo wa kuweka mkoba kando ya dirisha. Mume na mke watakaozipata watajiona wako sebuleni kwao.

Tumboni na masikioni

Anayepanda boti ya Unguja anajua kwamba katikati ya chombo ndipo mawimbi yanaposumbua kidogo. Ndege nayo huinuka na kuinama ikizunguka kitovu chake cha uzito, kilicho karibu na mabawa. Aliyekaa juu ya bawa yupo karibu na mhimili, aliyekaa mkiani yupo ncha ya ubao wa pembea. Mwenye tumbo jepesi au hofu ya mitikisiko akae usawa wa bawa, asahau kupiga picha mandhari.

Sauti ina kanuni yake. Injini za jeti zilizo chini ya bawa hutupa kelele nyuma, hivyo mbele ya bawa pako kimya zaidi. Kwenye ndege ya mapanga mambo hugeuka: kelele kali iko usawa wa mapanga yenyewe, na kwenye ATR hayo yako kuelekea mbele. Kaa nyuma, na kwa faida ya ziada mlango wa abiria wa ATR uko huko nyuma, kwa hiyo utakuwa wa kwanza kushuka. Kwenye ndege ndogo kama CRJ900 ya Uganda Airlines injini zimebebwa mkiani, na huko ndiko mngurumo uliko.

Namna ya kuipata

Kwanza soma jina la ndege kwenye tiketi, kisha tafuta ramani ya siti ya shirika hilohilo, kwa sababu ndege ya aina moja hupangwa tofauti kila shirika. Ramani haisemi kila kitu. Kwenye 737 nyingi kuna safu upande wa kushoto, mbele kidogo ya bawa, isiyo na dirisha, maana hapo ukutani linapita bomba la kiyoyozi. Utalipia dirisha upewe ukuta. Chini ya siti nyingine kuna kisanduku cha umeme wa televisheni kinachokula nafasi ya mguu mmoja.

Pili, kama hutaki kulipia siti, kaa macho muda wa kujisajili mtandaoni unapofunguliwa, kwa kawaida saa 24 hadi 48 kabla ya safari. Siti ambazo hazikuuzwa hugawiwa hapo, na anayesubiri foleni ya uwanjani hukuta zimebaki za katikati. Tatu, angalia tena siku ya safari. Shirika likibadilisha ndege, namba yako hubaki lakini siti si ileile. Nne, ukifika kaunta uliza kwa upole kama kuna safu tupu. Mimi nimeona upole ukifungua siti ambazo kompyuta ilisema zimejaa.

Na kama ni safari fupi ya mchana, tupa hesabu zote, ufuate jicho. Kutoka Dar es Salaam kwenda uwanja wa Kilimanjaro, mlima kwa kawaida huwa mkono wa kulia. Kwa saa moja goti linavumilia.

Yule mama alirudi tena mwezi wa tatu, mjukuu wa pili amezaliwa. Safari hii nilianza mimi kumuuliza: sukari, magoti, usingizi. Tukachagua ujia, safu kadhaa mbele ya msala wa nyuma. Alipofika Muscat alinitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, toroli limenigonga kiwiko mara mbili," alisema huku akicheka. "Lakini nimekwenda msalani bila kumwomba mtu ruhusa."