Moyo uliotulia huficha kiu yake

Mgonjwa amelala chali ndani ya mashine ya MRI, hainui hata kidole, lakini mishipa ya moyo wake imetanuka kuliko ya mtu anayepanda mlima. Kazi hiyo imefanywa na adenosini, dawa inayoingizwa kwa dripu kwa dakika 3 au 4. Kifua hubana kidogo, pumzi hukatika, kisha dripu ikifungwa hali ya kawaida hurejea upesi. Chai na kahawa huachwa tangu jana yake, kwani kafeini huizuia dawa hiyo isifanye kazi. Mwenye pumu au ugonjwa mkubwa wa figo aseme mapema.

Kwa nini kumsumbua mtu hivyo? Kwa sababu akiwa ametulia, kila gramu ya misuli ya moyo huridhika na takriban mililita 1 ya damu kwa dakika, na hata mshipa ulioziba nusu huweza kuifikisha. Upungufu hujitokeza pale damu inapotakiwa mara 3 au zaidi.

Mishipa ikiwa imetanuka hivyo, hudungwa gadolini, dawa inayong'aa pichani. Misuli inayopata damu hung'aa haraka. Yenye kiu hubaki nyeusi. Hakuna eksirei, wala mpira unaopenyezwa hadi moyoni.

Utafiti wa MR-INFORM, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia wagonjwa 918 wenye maumivu ya kifua. Baadhi walipimwa kwa MRI, wengine kwa waya wa kupima shinikizo ndani ya mshipa. Baada ya mwaka, vifo, mshtuko wa moyo na mishipa iliyohitaji kuzibuliwa tena vilikuwa asilimia 3.6 kwa MRI na 3.7 kwa waya. Lakini waliozibuliwa mishipa walikuwa asilimia 35.7 dhidi ya 45. Kwangu hilo ni jambo kubwa: baadhi waliepushwa na uzibuaji wasiouhitaji.

Wanaonihuzunisha zaidi ni wale, wengi wao wanawake, wanaoambiwa mishipa yao ni safi ilhali kifua kinaendelea kuuma. Huenda tatizo liko kwenye vijishipa visivyoonekana. Hapo hata picha ya MRI huweza kulikosa, kwani doa jeusi huhitaji sehemu angavu ya kulinganishwa nayo. Misuli ikiwa na kiu pande zote, jicho halioni doa. Ndiyo maana sasa kompyuta hukokotoa mililita zenyewe za damu, sehemu kwa sehemu.