Meno ya Uturuki: Tabasamu ni la Bei Poa, Lakini Deni Analipa Nani?

Kama unakaa sana TikTok, lazima hii ushaiona. Chali wa Uingereza anapanda ndege na meno yake ya kawaida, kisha baada ya siku chache anarudi na meno meupe kama sinki mpya. Waingereza wenyewe wameyabatiza "Turkey teeth", yaani meno ya Uturuki, kwa vile wengi huyafuata Istanbul na Antalya.

Tuelewane kwanza. Kwenda nje kutengeneza meno si dhambi. Wamarekani wamejaa Los Algodones, mji mdogo wa Mexico ulio mpakani ambao kazi yake kubwa ni meno, mpaka ukaitwa Molar City. Waingereza nao wamekuwa wakienda Hungary miaka mingi. Sababu ni doo. Kwao bei imepanda juu sana, na huko Uingereza kupata daktari wa meno wa NHS anayepokea wagonjwa wapya ni kibarua. Na Uturuki kuna madaktari wa meno wanaojua kazi yao vizuri.

Sasa noma iko wapi?

Iko kwa maneno mawili yanayochanganywa. Vinia ni ganda jembamba linalobandikwa mbele ya jino, na jino lenyewe huguswa kidogo tu. Kofia inafunika jino lote, kwa hivyo ni lazima jino lichongwe pande zote kwanza. Kofia inaweza kula zaidi ya nusu ya sehemu ya jino unayoiona kwa kioo. Kinachobaki ni kijiti kidogo kilichochongoka. Enameli ikienda imeenda, haimei tena kama kucha.

Wasee wengi huenda wakidhani wanawekewa vinia, kumbe wanachongwa meno mazima ili wavalishwe kofia. Hapo ndipo maadili yanaingia.

Daktari anatakiwa akueleze anachofanya, hatari zake na njia zingine zilizopo, halafu uamue mwenyewe. Lakini fikiria vile mambo huenda. Umetuma selfie kwa WhatsApp, ukaambiwa unahitaji meno 20. Umelipa tiketi, hoteli na deposit. Sasa uko kwa kiti, mdomo wazi, ndege ya kurudi ni Ijumaa, ndio unaletewa fomu. Utasema hapana saa ngapi? Kusaini si kuelewa.

Halafu kuna umri. Kofia hukaa miaka 10 hadi 15 hivi, wakati mwingine zaidi, kisha inabadilishwa. Ukiwekewa ukiwa na miaka 22, hesabu utabadilisha mara ngapi kabla ufike 70. Na jino lililochongwa sana, mshipa wake unaweza kufa, ukaishia kutibiwa mzizi au kung'olewa. Mtu mzee ambaye meno yake yameharibika, kofia ni msaada. Kijana mwenye meno mazima amepewa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Je, zikiharibika? Aliyekuchonga yuko nchi nyingine. Kumshtaki ni kwa sheria za huko, na lugha ya huko. Daktari wa nyumbani naye anajikuna kichwa: akiigusa kazi ya mwenzake na ibomoke, lawama ni yake. Ikiangukia NHS, anayelipa ni mlipa kodi ambaye hata hakuonyeshwa hiyo tabasamu.

Usisahau mainfluensa. Kuna wale huwekewa meno bure ili waposti. Wewe unaona kicheko siku ya tano, huoni mwaka wa tano. Kupokea malipo na kunyamaza ni kuwauza mafans wako.

Na kuna mtu mwingine ambaye hatumwongelei: mgonjwa wa mtaani kule kule Uturuki. Daktari akipata wageni wanaolipa kwa pauni, nani atabaki kumng'olea mama wa kawaida jino linalomkosesha usingizi?

Usiseme hii ni story ya wazungu. Hapa kwetu, Nakuru na sehemu zingine za Bonde la Ufa, wengi wamekua na meno ya kahawia kwa sababu ya floridi iliyo kwa maji ya visima. Mtu amechekwa tangu shule ya msingi, amezoea kucheka akifunika mdomo. Mtu kama huyo akiona ofa ya meno meupe, iwe ya ng'ambo ama ya hapa mtaani, si rahisi aulize maswali. Na bado, mara nyingi hayo madoa yanaweza kupunguzwa kwa njia ndogo kama kusugua juu juu au kung'arisha, bila kuchonga jino zima.

Kwa hivyo kabla utume deposit, uliza: Ni vinia ama kofia? Utatoa jino langu kiasi gani? Kuna njia ndogo zaidi? Ikiharibika mwaka ujao, nakupata wapi na nani atalipa? Kama ni hapa Kenya, angalia kama jina la daktari liko kwa rejista ya KMPDC.

Daktari mpoa hatakasirika ukimuuliza. Akianza kukukimbiza eti ofa inaisha leo, toka hapo polepole, ukiwa na meno yako yote.