Kipindupindu na Biashara: Mlinde Mfanyakazi, Umlinde Mteja

Kipindupindu kikiingia wilayani, biashara nyingi husimama. Mnada huweza kufungwa. Mama lishe huambiwa wazime majiko. Wenye biashara hulalamika, nao wana sababu, maana watoto wao hula kutokana na biashara hizo. Lakini tujiulize: mwenye biashara afanye nini ili ugonjwa usipitie mlangoni kwake?

Ugonjwa huu si hadithi ya zamani. Mwezi Agosti 2015 ulizuka Dar es Salaam, ukaenea karibu mikoa yote ya Tanzania Bara. Hadi mwaka 2018 watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameugua, na zaidi ya 500 walikufa.

BIASHARA TATU ZA MTAA MMOJA

Zamani watu wengi walidhani kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya. Daktari mmoja wa Uingereza, John Snow, alikataa. Alisema ugonjwa huu huletwa na maji machafu. Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Broad Street, mjini London. Kwa siku 10 tu watu zaidi ya 500 walikufa. Dakta Snow alipita akiuliza: Waliokufa walikunywa maji ya wapi? Akaona kwamba wengi walikunywa maji ya pampu moja ya mtaani.

Karibu na pampu hiyo palikuwa na biashara tatu. Habari zake zinatufaa hata sisi wa vijijini.

Ya kwanza ni kiwanda cha fataki za bunduki. Kilikuwa na wafanyakazi wapatao 200. Kiwandani humo waliwekewa mapipa 2 ya maji ya kunywa. Maji hayo yalitoka katika pampu ile. Wafanyakazi 18 walikufa.

Ya pili ni mkahawa. Wateja wake walipewa maji ya pampu wakati wa kula. Mama mwenye mkahawa alimwambia Dakta Snow kwamba alikuwa anajua wateja wake 9 waliokwisha kufa.

Ya tatu ni kiwanda cha bia. Kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Kiwanda kilikuwa na kisima chake chenyewe, tena wafanyakazi walipewa bia. Hawakuwa na haja ya kwenda kwenye pampu. Msije mkafikiri kuwa bia ni dawa ya kipindupindu! Kilichowaokoa ni kutokunywa maji yale.

Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu uliondolewa. Baadaye ilionekana kuwa shimo la choo cha nyumba ya jirani lilikuwa linavuja karibu na kisima cha pampu hiyo.

Tunajifunza nini? Wenye kiwanda cha fataki na mama wa mkahawa hawakuwa watu wabaya. Walitoa maji kwa nia njema. Lakini nia njema haitoshi. Anayempa mtu maji au chakula ameshika maisha yake mkononi.

MFANYAKAZI ANAYEFICHA UGONJWA

Siku hizi tunajua kwamba vijidudu vya kipindupindu hutoka katika choo cha mgonjwa, vikaingia katika maji, mikono na chakula. Hata hivyo liko jambo moja linalovisaidia kuenea. Jambo hilo ni hofu ya kukosa ujira.

Mfikirieni kijana anayeosha vyombo mgahawani siku ya mnada. Asubuhi anaharisha. Akisema, atarudishwa nyumbani bila fedha, na kesho mtu mwingine atachukua nafasi yake. Nyumbani watoto wanangoja unga. Basi ananyamaza. Anaosha sahani, anagawa maji. Jioni watu wa vijiji vingi wanarudi makwao na vijidudu tumboni.

Tupige hesabu. Tuseme kijana huyo hulipwa shilingi 5,000 kwa siku. Akipumzika siku 3 na kulipwa, mwenye mgahawa atatoa shilingi 15,000. Akilipwa nusu, ni shilingi 7,500. Fedha hizo zinauma. Lakini mgahawa ukifungwa na bwana afya, mwenyewe atapoteza mauzo ya siku nyingi, na wateja watauogopa mgahawa huo kwa muda mrefu. Na mteja aliyekufa harudi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila kipindi cha miaka 3. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu. Lazima alete cheti cha daktari, na awe amefanya kazi miezi 6 au zaidi. Vibarua wengi wa minadani hawafikishi miezi hiyo. Kwa hiyo usalama wao, na wa wateja, unategemea utu wa mwenye biashara.

MAMBO YA KUFANYA

1. Waambie wafanyakazi mapema: "Anayeumwa aseme. Hatafukuzwa, wala hatakosa chochote."

2. Anayeharisha asiguse chakula wala maji ya wateja. Aende zahanati. Akipona, angoje angalau siku 2 tangu kuharisha kukome. Mganga ndiye atakayesema arudi lini.

3. Watu wote wanawe kwa sabuni, hata walio wazima. Mtu anaweza kuwa na vijidudu bila kuugua.

4. Weka ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni. Usitumie beseni moja la kunawia watu wote.

5. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Chakula kitolewe kikiwa moto, na kifunikwe.

6. Mteja akiugua hapo kwako, usimfukuze. Mpe maji ya chumvi-sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Aendelee kunywa huku anapelekwa zahanati.

7. Mwenye duka, usipandishe bei ya sabuni. Jirani asiyeweza kununua sabuni ni hatari kwako pia.

MASWALI YA KUJADILI

Katika kijiji chenu, maji ya mgahawani hutoka wapi? Nani ameyaona yakichemshwa? Kibarua akiugua siku ya mnada, nani atamlipa? Yajadilini maswali haya kabla mvua hazijaanza.