Sifongo Si Babu Yako

Nianze na jibu, maana swali limenichosha: la, DNA haijaonyesha kwamba binadamu ametokana na sifongo. Nimeulizwa hili kwa kinyozi, nimeulizwa nje ya kanisa, nimeulizwa na mzazi wa Buruburu Phase Four aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni, na juzi nimeulizwa na makanga tukiwa tumekwama Mumias South Road. Kila mmoja huja na namba ileile: "Si wanasayansi walisema tunafanana nao asilimia 70?" Halafu hufuata la pili, pamoja na lile tabasamu la mtu anayedhani amekubana: "Na kama tulitoka kwao, mbona bado wapo?"

Sitaanza kueleza sifongo ni nini kwa kirefu. Ni mnyama, si mmea. Anaishi majini, amejishikiza mwambani, anavuta maji kwa vitundu na kuchuja chakula. Sponji la godoro ni la kiwandani, na lile dodoki linaloning'inia vibandani Mutindwa ni tunda la mtambaazi wa jamii ya maboga. Waliosoma 8-4-4 nawasamehe, kwani Kidato cha Tatu kilitufundisha Arthropoda na Chordata, wanyama wengine tukawaruka.

Sasa hiyo asilimia 70. Ilianza kuvuma Agosti 2010, jarida la Nature lilipochapisha jenomu ya Amphimedon queenslandica, sifongo wa miamba ya Great Barrier Reef kule Australia. Mansi Srivastava na wenzake walikadiria jeni wapata 30,000 ndani ya kiumbe asiye na kichwa, tumbo wala neva. Magazeti yalitaka kichwa cha habari, yakakipata.

Lakini asilimia 70 ya nini? Ukihesabu jeni za sifongo zenye jamaa ndani ya binadamu, utapata jibu moja. Ukigeuza, uhesabu jeni za binadamu zenye jamaa ndani ya sifongo, utapata jingine. Ukitaka kulinganisha herufi za DNA moja baada ya nyingine, utapata namba ndogo mno, tena isiyo na maana, kwa sababu sehemu kubwa ya DNA hizo mbili haiwezi hata kupangwa sambamba. Anayekutajia asilimia bila kukwambia amehesabu nini hajakwambia kitu. Ndizi nayo imetafutiwa asilimia yake, na bado sijasikia mtu akiuita mgomba babu.

Isitoshe, nyingi ya jeni tunazoshirikiana na sifongo ni za kazi za msingi: kushikanisha seli, kuamua seli ipi igawanyike na ipi ife, kumtambua mgeni aliyeingia mwilini. Mnyama yeyote mwenye seli nyingi hana budi kuwa nazo. Na jeni kufanana si dhamana kwamba kazi zinafanana. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba sifongo huyohuyo wa Australia ana jeni nyingi zile ambazo kwetu hujenga upande wa kupokea ujumbe pale neva mbili zinapokutana. Neva yenyewe hana hata moja.

Tatizo, nadhani, ni kwamba Wakenya tumeijua DNA kupitia kesi za matunzo ya watoto. Kipimo kile huuliza kama huyu ndiye mzazi wa yule. Uainishaji wa viumbe huuliza jambo jingine kabisa: kati ya jamaa hawa watatu, ni wawili wepi waliotengana karibuni zaidi? Ukifanana pua na binamu yako wa Kangundo, huo si ushahidi kwamba binamu ndiye aliyekuzaa. Ni ushahidi kwamba mna babu mmoja, na babu huyo alishazikwa. Mzazi wetu wa pamoja na sifongo aliishi baharini, kwa makadirio mengi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Wazao wake upande mmoja wakawa sifongo, upande mwingine wakawa konokono, papa, kuku na makanga wangu. Na wale wa upande wa sifongo hawakusimama kutungoja. Mwaka 1995 Jean Vacelet na Nicole Boury-Esnault walieleza sifongo wa pango moja la Mediterania aliyeachana kabisa na kuchuja maji. Ana nyuzi zenye kulabu ndogondogo, ananasa wanyama wadogo jamii ya kamba, anawafunika kwa seli zake na kuwala. DNA inamweka katikati ya ukoo wa sifongo wa kawaida. Huyo ndiye mnayemwita kiumbe aliyebaki nyuma?

Nikiri jambo moja kwa upande wa wanaoniuliza. Kuna miaka ambapo data chache za jeni zilidokeza kwamba sifongo si ukoo mmoja, kwamba baadhi yao wako karibu nasi kuliko walivyo karibu na sifongo wenzao. Kama ingekuwa hivyo, ungeweza kudai kwamba mzazi wa wanyama wote alikuwa na umbo la kisifongo. Data zilipoongezeka kutoka jeni chache hadi mamia, sifongo walirudi kuwa ukoo mmoja, na hoja hiyo ikapoteza miguu.

Hata ile nafasi ya "wa kwanza kutengana" wameshaporwa. Mwaka 2008 Casey Dunn na wenzake waliwashangaza wengi: waliotengana mwanzo kabisa na wanyama wengine wote, walisema, ni ktenofora, viumbe wa baharini waangavu wanaofanana na yavuyavu, wenye safu za vinyweleo vinavyometameta. Watu wakabishana miaka 15, kila kundi na kanuni zake za hesabu. Mwaka 2023 Darrin Schultz na wenzake wakaja na njia nyingine: badala ya kulinganisha herufi, waliangalia jeni zipi zinakaa pamoja kwenye kromosomu ipi. Makundi ya jeni yakishaungana na kuchanganyika, ni vigumu mno kuyarudisha yalivyokuwa. Waliikuta michanganyiko hiyo kwa sifongo na kwa wanyama wengine, lakini si kwa ktenofora wala kwa jamaa zetu wa seli moja. Wapo wasiokubali hadi leo, na ubishi huo ni wa haki. Ule wa kwa kinyozi si wa haki.

Kazi ya kweli ya DNA kwa sifongo haina makelele kama hayo: ni kupanga majina upya. Zamani tuliwapanga kwa mifupa yao. Chukua kipande cha sifongo ukubwa wa punje ya hindi, kitie kwenye chupa ndogo ya Jik. Nyama itachemka povu na kuyeyuka, chini litabaki vumbi jeupe. Lisuuze mara kadhaa, litandaze kwenye kioo cha hadubini, na utaona kumbe si vumbi: ni sindano, nyota, nanga na pini za silika, kila moja imechongwa safi. Wataalamu waliishi kwa kuzisoma spikula hizo. Shida ni kwamba baadhi ya koo zimezipoteza kabisa, nyingine zimebuni umbo lilelile kila moja kivyake. DNA ilipoingia, nyumba ikatikisika. Homoscleromorpha, waliohesabiwa kama tawi tu la ngeli ya Demospongiae, walipewa ngeli yao wenyewe mwaka 2012. Miaka 3 baadaye Christine Morrow na Paco Cárdenas walipendekeza mpangilio mpya wa Demospongiae wenye oda 22.

Kwetu Afrika Mashariki mfano ni Ziwa Tanganyika. Mwingereza J. E. S. Moore alilizuru mwishoni mwa karne ya 19, akaona konokono na yavuyavu wenye sura ya baharini, akashikilia kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale ya enzi ya Jurasiki. Sifongo mmoja wa humo alipewa jina lake mwaka 1899: Spongilla moorei. Ziwa lenyewe lina takriban miaka milioni 9 hadi 12, kwa hiyo bahari ya Moore ilikauka yenyewe. Ila swali la sifongo wasiopatikana kwingine duniani lilibaki: je, mzazi mmoja aliingia, wazao wakatawanyika humo? Mwaka 2011 Dirk Erpenbeck na wenzake walisoma DNA zao. Sifongo waliingia Tanganyika zaidi ya mara moja, na majina tuliyokuwa tumezoea hayakuendana na koo halisi.

Anayeuliza faida ya kupanga majina hayo, ajue kwamba dawa ya sitarabini inayotibu saratani ya damu ilitokana na kemikali ambazo Werner Bergmann alizipata ndani ya sifongo wa Karibiani miaka ya 1950. Mwanakemia asiyejua ameshika spishi ipi hawezi kurudi kuitafuta tena.

Kwa wanafunzi wanaoniandikia wakitaka "kupima DNA ya sifongo", haya ndiyo ya kufanya, na myasome kabla ya kuniandikia tena. Kibali kwanza: leseni ya NACOSTI, halafu muulize KWS na NEMA. Mpige picha sifongo akiwa hai majini, kwani rangi hupotea. Kata kipande kidogo, kiweke kwenye ethanoli ya asilimia 96, ubadilishe ethanoli kesho yake. Fomalini huharibu DNA, kwa hiyo usiiguse. Hifadhi kipande cha pili kwa ajili ya spikula, maana mfuatano wa DNA usio na kielelezo makumbushoni hauna wa kuutetea. Usitegemee jeni ya COI peke yake: kwa samaki inatosha, kwa sifongo hubadilika polepole mno na spishi mbili huweza kutoa jibu moja, kwa hiyo ongeza jeni ya 28S. Hakikisha ulichosoma ni cha sifongo, si cha bakteria, ambao kwa baadhi ya spishi hufikia theluthi ya uzito. Jina lihakikishe kwenye World Porifera Database, yenye spishi zaidi ya 9,000 zinazokubalika. Ushauri wa baharini upo KMFRI Mombasa.

Na ninyi mtakaoshuka Watamu au Kisite likizo hii, msing'oe sifongo kuniletea Buruburu. Hizo ni hifadhi za taifa, na kuchukua kiumbe humo bila kibali ni kosa la jinai.