Mchoro Usiokubali Kufutika

Mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao mweusi anajua kwamba dasta haifuti kila kitu. Hesabu za jana huacha kivuli, na somo la leo huandikwa juu yake. Aghalabu sisi huona huo ni uchafu. Yuko msanii wa Afrika Kusini aliyeufanya uchafu wa namna hiyo kuwa moyo wa kazi yake.

William Kentridge, aliyezaliwa Johannesburg mwaka wa 1955, huchora kwa mkaa kwenye karatasi kubwa, akaiendea kamera na kupiga fremu moja au mbili. Kisha huirudia karatasi ile ile, akafuta mkono wa mtu na kuuchora tena umeinuka kidogo, akapiga tena. Fremu hizo zikifululizwa, mkono huinuka. Katika filamu za Walt Disney za zamani kila hatua ilikuwa na mchoro wake, maelfu kwa maelfu, yote safi. Kentridge hutumia makumi machache tu ya karatasi kwa filamu nzima, na kila moja hubaki na makovu ya yote yaliyopita juu yake.

Je, makovu hayo yana maana gani? Itazame Felix in Exile, iliyokamilika mwaka wa 1994, muda mfupi kabla ya uchaguzi wa kwanza wa raia wote nchini humo. Mwanamke aitwaye Nandi anapima ardhi na kuichora. Maiti zimelala uwandani. Magazeti yanazifunika, kisha ardhi inazimeza. Mwishowe Nandi mwenyewe anapigwa risasi, naye akamezwa. Nchi iliyokuwa ikijiandaa kuanza upya ilikuwa ikiulizwa itawakumbuka vipi waliokufa. Wako wanaoisifu kazi hii kwa ufundi wa kamera. Mimi naona raba ndiyo inayosimulia.

Hapo awali majumba mengi ya sanaa yaliziona filamu za namna hii kuwa burudani ya watoto, ingawa Jan Švankmajer wa Prague alikuwa ameonyesha nguvu za udongo unaotembea. Lakini mwaka wa 1997 kazi za Kentridge zilikuwamo katika maonyesho ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani. Na mwaka wa 2009 Nathalie Djurberg wa Uswidi, mwenye kuchezesha vikaragosi vya udongo, alitunukiwa Simba wa Fedha kule Venice.

Nami nilisomeshwa kwamba karatasi iliyofutwafutwa ni aibu. Niliwahi kurudishiwa yangu imechanwa, nikaambiwa nianze upya. Nadhani wanafunzi wetu wangali wanaonywa vivyo hivyo, na ni hasara. Mwalimu anaweza kulijaribu somo hili kwa kipande cha mkaa na simu iliyoegemezwa juu ya vitabu. Kwa picha 12 kila sekunde, filamu ya sekunde 10 itataka picha 120, na karatasi moja.