Kitunguu Saumu Pori: Nguvu Inayozaliwa Jani Linapopondwa

Kila maradhi ya kuambukiza yanapozuka, huongezeka maswali ya wasomaji kuhusu kitunguu saumu pori, mmea wa maua ya zambarau ambao asili yake ni Afrika Kusini na ambao Wazulu huuita isihaqa, iwapo kweli unatibu yote unayosifiwa kuyatibu, kuanzia mafua hadi Ukimwi.

Jani zima la mmea huu karibu halinuki, kwa kuwa kiambata chake cha salfa, marasmini, hukaa mbali na kimeng'enya kinachokivunja, ambacho hufungiwa ndani ya vakuoli, yaani kifuko kilichomo katika seli. Jani likipondwa, kuta za kifuko hicho hupasuka, viwili hivyo hukutana, na ndani ya sekunde chache marasmini huzaa marasmisini, kama vile katika kitunguu saumu cha kawaida aliini inavyozaa alisini, iliyotengwa Marekani mwaka 1944 na Chester Cavallito na John Bailey. Viambata hivi hung'ang'ania sehemu za protini ambamo salfa imeungana na haidrojeni, na kwa njia hiyo hulemaza vimeng'enya ambavyo bakteria na kuvu huvitegemea ili kuishi. Hata hivyo, ukali huo ndio unaoiponza alisini, kwa sababu huungana pia na protini za mlaji mwenyewe, ikaisha kabla ya kuonekana katika damu.

Kwa hiyo, kuua bakteria katika sahani ya maabara si kumponya mgonjwa, na anayechemsha kitunguu saumu kizima ili apate alisini hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Uongo mbaya zaidi ni ule wa kwamba mimea hii inaweza kushika nafasi ya dawa za ARV. Kinyume chake, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kwa takriban nusu kiwango cha sakwinavia, mojawapo ya dawa hizo, katika damu ya watu wenye afya. Anayemwambia mgonjwa aache dawa anywe majani anamuua.

Anayependa ladha ya kitunguu saumu akiponde, akiache kwa dakika 10, kisha akipike. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kabla ya kula kwa wingi. Kitunguu saumu ni chakula bora, na mwenye virusi vya Ukimwi asiache ARV hata siku moja kwa ajili yake.