Kobalti ya Likasi na nyota zenye sumaku kali

Jiwe jeusi ambalo wachimbaji wetu wa mji wa Likasi wanalijaza kwenye mifuko halinaswi na sumaku. Ni heterojeniti, na ndani yake mna kobalti. Kipande cha kobalti safi, kama ile inayotolewa kwa umeme viwandani, kinarukia sumaku mara moja. Wanafunzi wangu wa kemia katika mtaa wa Kikula huniuliza: mwalimu, si kitu kile kile? Swali hilo nalipenda kuliko mengine yote ya mwaka.

Katika jiwe, kila atomu ya kobalti imetoa elektroni tatu na imezungukwa na oksijeni sita. Oksijeni hizo zinazibana elektroni zake za nje mpaka zinapangana mbili mbili, usumaku wa moja ukifuta wa mwenzake. Umeme unapoirudishia kobalti elektroni zake, baadhi hukosa mwenza, na katika metali zote huelekea upande mmoja. Hali hiyo hudumu mpaka uipashe moto kupita nyuzi 1,100 hivi.

Kwa hiyo katika jiwe kemia imeishinda sumaku. Huku duniani ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Mashine za hospitali zinazopiga picha za mwili kwa sumaku zina uga wenye nguvu ya tesla 1.5 au 3, na molekuli za mgonjwa hazibadiliki umbo. Mwaka 1896, mwanafizikia Pieter Zeeman wa Leiden aliweka mwali wenye sodiamu kati ya ncha za sumaku, akaona mistari ya mwanga wake inapanuka: nishati za elektroni zilikuwa zimesogea, lakini kidogo sana. Mwaka 2018 huko Tokyo wanasayansi walifikia tesla 1,200 kwa kitambo kifupi mno, na koili ya sumaku ikapasuka. Hata hapo kifungo kati ya atomu mbili za hidrojeni kisingetikisika.

Mambo hugeuka kwenye vibete vyeupe, yaani mabaki mazito ya nyota zilizozimika. Vichache vina uga wa sumaku unaokaribia tesla 100,000. Hapo uga unaisukuma elektroni kwa nguvu inayolingana na ile ya kiini chake. Atomu hubanwa kiunoni na kurefuka kuufuata uga. Elektroni mbili za molekuli ya hidrojeni, ambazo kwetu hufunga atomu kwa sababu zimeelekeana kinyume, hulazimishwa kuelekea upande mmoja. Kitabu cha shule kitakwambia hapo atomu zitafukuzana.

Mwaka 2012, Kai Lange, Erik Tellgren na Trygve Helgaker wa Oslo, pamoja na Mark Hoffmann wa Marekani, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba hazifukuzani. Molekuli ikilala kukingama na uga, elektroni iliyopaswa kuzitenganisha inapata njia ya kuzunguka yenye nishati ndogo kuliko ilivyokuwa atomu zikiwa mbalimbali. Kupungua huko kwa nishati ndiko kunakozishika. Hata heliamu, ambayo kwetu inakataa karibu kabisa kuungana, huungana hivyo. Kwangu huo ni ugunduzi mkubwa: aina nyingine ya kifungo cha kemia, ambayo hakuna maabara duniani inayoweza kuitengeneza.

Basi kilichobaki ni kutazama juu. Mwaka 2013 wanaastronomia walitangaza kwamba wameona molekuli za hidrojeni katika angahewa za vibete vyeupe, ila vile visivyo na uga mkali. Hatua inayofuata ni kutafuta alama ya molekuli kama hizo katika mwanga wa kibete chenye sumaku kali, na hesabu kama za Oslo zinaweza kusaidia kujua mistari ya mwanga huo itafutwe wapi.